Kamba ya Maji Sita

Dofra yangu nimeiacha kwenye msumari wa pili kutoka mlangoni. Kwa aliye mgeni wa kazi, dofra ni kile kipande cha ngozi kinachovaliwa kiganjani, chenye kichuma cha kusukumia sindano, maana tanga halishonwi kwa ncha ya kidole. Mwezi wa kwanza itawachubua nyote, kisha itatulia. Msiigombanie, na msiifungie kwenye droo, kwani ngozi ikikosa hewa inaota ukungu.

Vijana wa kibanda cha matanga wamenishikilia niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimewaambia sitayasahau, labda nitayazidisha. Basi haya ndiyo, na nimejitahidi kutozidisha. Nimefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye klabu ya mashua ndogo hapa Raskazone, Tanga mjini, kwanza mshona matanga, baadaye mshona matanga na mwanzishaji wa mashindano, kazi mbili kwa mwili mmoja. Vyeo na mshahara sitavizungumzia. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani barazani kwangu Nguvumali. Sare za shule, magauni ya sikukuu, mapazia ya maharusi. Siku moja akaja mzee mmoja mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, amemshika mtoto wa jirani mkono. Hakuniamkia wala hakusubiri nimwamkie. Alionyesha kiraka kwenye kaptura ya yule mtoto akauliza, "Nani kashona hiki?"

Nikasema, "Shikamoo. Ni mimi. Kimefumuka?"

"Marahaba. Kingefumuka ningekuja? Nimekivuta kwa meno na hakikufumuka. Weye kesho njoo Raskazone."

Huyo ndiye Fundi Kombo, aliyekuwa mshona matanga wa klabu. Macho yalikuwa yanamwacha, na alikuwa amezunguka mji mzima akikagua viraka vya watoto. Mume wangu alisema mzee kachanganyikiwa. Mimi nilikwenda, kwa udadisi zaidi kuliko kwa shida, na nilikwenda na tepu yangu shingoni kama mtu anayekwenda kumpima bibi harusi.

"Hiyo ya nini?" akaniuliza mlangoni.

"Ya kupimia tanga, fundi."

"Tanga halina kiuno, mwanangu. Hapa tunaushonea upepo, na upepo hausimami ukapimwa. Ivue."

Wiki nzima hakunipa sindano. Alinikalisha kwenye gati kuanzia saa mbili asubuhi, nitazame kunguru. Niliona aibu, mtu mzima na watoto wangu nyumbani, nalipwa kutazama kunguru ambao Tanga nzima inawalaani. Siku ya nne ndipo nilipoona: kunguru akitua kwenye nguzo au boya, hatulii mpaka aupe upepo uso. Akiupa mgongo, manyoya yanafunuka anaona karaha. Upepo ukigeuka, anageuka naye, na anageuka kabla bendera haijajua. Nilikimbia kibandani kumwambia. Fundi Kombo alicheka mpaka akakaa chini. "Basi kesho nitakupa sindano," akasema.

Nieleze kidogo kuhusu huo upepo, kwa sababu atakayekuja kutoka kwingine atadhani tunatia chumvi. Ghuba yetu imefungika kama ziwa. Asubuhi upepo unatoka bara, tunauita umande, mwepesi na wenye adabu. Ikikaribia saa nne unachoka. Hapo wa baharini unaanza kuingia, lakini kisiwa kimekaa mlangoni, kwa hiyo unagawanyika, nusu unapita huku, nusu kule, na zile nusu mbili zinakutana katikati ya ghuba kama wake wenza. Watu wanatutania Tanga ni waja leo waondoka leo. Mimi naamini aliyeutunga msemo ule alikuwa ndani ya mashua akisubiri upepo.

Na mashindano yetu yalianza saa nne kamili, makusudi. Waasisi wa klabu walitaka kupima akili. Mashua sita, zote zimechongwa na seremala mmoja kwa kipimo kimoja, tanga moja kila mashua, mtu mmoja ndani. Kila asubuhi ya mashindano, namba moja hadi sita zinaandikwa kwenye vifuniko vya soda, zinatiwa ndani ya kofia ya mwenyekiti, na kila mmoja anachota mashua yake. Mshindi asiseme alikuwa na mashua nzuri, na aliyeshindwa asiseme alikuwa na mbovu. Kwa hiyo kazi ya mshona matanga ilikuwa moja: yale matanga sita yawe ndugu wa tumbo moja. Likitofautiana moja, mchezo wote umekuwa bahati nasibu.

Siri ya undugu huo ni kamba ya ukingo. Tunatumia kamba ya katani, ya mashambani kwetu hapa hapa, nayo katani ikinywa maji hujikunja na kuwa fupi. Ukiishona kwenye tanga ikiwa kavu na mbichi ya kazi, siku itakapolowa baharini itavuta kitambaa, na tanga litafanya tumbo. Fundi Kombo alikuwa na kanuni yake. Kamba inafungwa kwenye nguzo ya gati, jiwe linaning'inizwa ncha ya pili, na inaachwa hapo maji yajae na kutoka mara sita, yaani siku tatu. Maji yakijaa inakunywa, yakitoka inakauka huku jiwe linaivuta. "Mpaka imalize ukaidi wake nje," alikuwa akisema, "isije ikaumalizia ndani ya tanga la watu." Maji sita. Si matano. Niliwahi kumuuliza maji matano yana kosa gani, akaniambia niende nikamuulize kunguru.

Alifariki mwaka wangu wa saba kazini. Alikuwa ameshaniachia kila kitu, na dofra pia. Mungu amrehemu.

Kazi ya kuanzisha mashindano niliipata kwa sababu mwanzishaji wa zamani alihamia Moshi, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Bendera nyekundu inapanda, dakika tano zinahesabiwa, mashua zinazungukazunguka nyuma ya mstari kama kuku mbele ya mlango wa jikoni, kisha bendera inashuka na debe linapigwa mara moja. Debe likipigwa mara tatu, maana yake rudini nyote. Siku yangu ya kwanza nilipiga dakika nzima kabla ya wakati kwa kihoro, mashua mbili zikagongana, na Mwalimu Hiza akatumbukia na saa yake ya mkononi. Mwalimu Hiza alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Pongwe, mtu mwema, mwanachama mwaminifu, na wa mwisho kwenye kila shindano tangu nimjue. Aliwahi kugonga boya lililotia nanga akaleta malalamiko rasmi kwamba boya lilimfuata. Nilikaa kusikiliza malalamiko hayo kwa saa nzima, nikayaandika, nikayatupa. Mtapata ya namna hiyo. Msicheke mbele ya mlalamikaji.

Jamani, mchezo huu ulinishika! Mimi sijawahi kuendesha mashua hata siku moja, tumbo langu halitaki, lakini kila bendera iliposhuka moyo ulikuwa unanidunda utadhani nimo ndani ya zote sita. Nimewahi kupiga kelele gatini mpaka khanga ikaanguka majini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana ndilo mnaloniuliza kila siku na mimi nalikwepa.

Mwaka wa jambo hilo klabu ilitangaza nafasi ya mwalimu wa kufundisha watoto kuendesha mashua, kazi ya kudumu, na ikaamua mshindi wa mashindano ya sikukuu ndiye atakayeipata. Siku tatu, Idi pili, tatu na nne, shindano moja kila siku, mwisho nafasi za kufika zinajumlishwa. Wenye uwezo kweli walikuwa wawili. Mmoja Bakari, kijana wa Pangani, mpakia nazi kwenye kivuko, mikono kama makasia. Mwingine Zuhura, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi. Alimaliza kidato cha nne akakaa miaka miwili akikaanga samaki na kusubiri. Mashua alijifunza kwa kunisubiri mimi nimalize kazi. Nafasi ile aliitaka mpaka akawa analala na ratiba ya maji kujaa chini ya mto.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani tanga la namba nne lilichanika ukingo mzima, upande wa mlingoti. Kamba yake ikawa haifai. Na wiki ya mwisho ya Ramadhani, nyinyi mnajua fundi cherehani wa Tanga anakuwaje. Barazani kwangu kulikuwa na magauni kumi na moja ya watoto, ya marinda, ya shela, ya nini, na kila mama anasimama mlangoni na swaumu yake akiniuliza, "Bi Hawa, langu bado tu?" Kamba mpya niliifunga gatini. Ikanywa maji mawili. Siku ya pili asubuhi niliivuta, nikaishika, nikaona imetulia. Nikajiambia, nani atajua? Nikaishona, nikarudi kwenye marinda yangu.

Idi pili, Mwalimu Hiza alichota namba nne, akashinda.

Hakushinda kidogo. Alishinda kwa kuwaacha watu hata wakawa wanamwita arudi. Upepo ulikuwa mwepesi, wa kubabaika, na yeye alikuwa akiteleza tu huku ametoa macho haamini. Klabu nzima ilimbeba mabegani. Mkewe alilia. Mimi nililia pia, mjinga mimi. Zuhura alikuwa wa pili, Bakari wa tatu. Tukasema leo upepo umempenda mwalimu.

Idi tatu, Bakari alichota namba nne, akashinda. Zuhura wa pili tena. Hakuna aliyeshangaa, Bakari ni Bakari. Hesabu ikawa hao wawili wamelingana, na Idi nne ndiyo ya kukata shauri.

Usiku ule Zuhura alikula mikono miwili. "Kesho, mama mdogo," akasema. "Kesho naacha kukaanga samaki."

Asubuhi ya Idi nne niliingia kibandani kuyatandaza matanga. La kwanza, la pili, la tatu. Nilipopitisha mkono kwenye ukingo wa la nne, vidole viliniambia kabla ya macho. Kando ya kamba kitambaa kilikuwa kimejikusanya vijikunjo vidogo, vimepangana, karibu karibu. Marinda. Nimeshona marinda tangu nina miaka kumi na minne, nayajua hata nikifumbwa macho. Kamba ilikuwa imejikunja humo humo ndani, tanga limefanya tumbo, na kwenye upepo mwepesi tanga lenye tumbo linadaka pumzi ambayo wenzake hata hawajaisikia. Si mwalimu aliyeshinda Idi pili, wala si Bakari Idi tatu. Ni mimi na magauni yangu.

Nilitoka mbio kumtafuta mwenyekiti. Bwana Nassor alikuwa amesimama ufukweni na kanzu yake nyeupe, ameinamisha kofia, na wachezaji wamemzunguka wanachota vifuniko. Nikafika pale hasa Zuhura anainua mkono juu, anacheka meno yote nje.

"Nne!" anapiga kelele. "Mama mdogo, nimepata nne!"

Nikampita mwenyekiti, nikarudi kibandani.

Sitawadanganya, nyinyi ni wenzangu. Niliyabeba matanga nikayagawa, na lile la nne nikampa kwa mikono yangu. Nilijiambia Bakari keshalitumia, mwalimu keshalitumia, sasa ni zamu ya mtoto wangu, haki iko wapi kama si hapo? Nilikwenda gatini. Nilipandisha bendera nyekundu. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili. Zuhura alikuwa anazunguka nyuma ya mstari, na lile tanga limejaa vizuri, limejaa wakati ya wenzake yanapepea tu. Dakika ya tatu. Mwalimu Hiza akapita karibu na gati, leo kapata namba moja, akanipungia mkono akasema, "Bi Hawa, leo tena! Nimeshajua siri yake!" Alikuwa na furaha ya mtu aliyeanza maisha upya. Na miye ndiye niliyempa furaha ya uongo, na nilikuwa tayari kumpa mwanangu mwenyewe iliyo kama hiyo aishi nayo maisha yote. Hapo ndipo mkono ulipokwenda kwenye debe.

Nikapiga mara tatu.

Walirudi wakinung'unika. Nikawaeleza pale pale mchangani, mbele ya watu wote na watoto wao wenye magauni niliyoshona mimi. Nikasema kamba ilikunywa maji mawili badala ya sita, nikasema kwa nini, nikalifunua tanga waone. Mwalimu Hiza alilishika akapitisha kidole kwenye marinda yale. Akasema polepole, "Nilijua kulikuwa na jambo," akaketi kwenye ukingo wa mashua. Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Bwana Nassor alivua kofia, akaivaa tena. "Mashindano mawili yamefutika," akasema. "La leo ndilo lote. Fundi, tanga litatengenezwa kwa muda gani?"

"Robo tatu ya saa, Bwana. Kamba sasa imeshamaliza ukaidi. Ni kuifumua, kulinyoosha tanga na kuishona upya."

"Umande hautangoja robo tatu ya saa."

"Basi nisaidiwe."

Zuhura alinivuta kando. "Jana Bakari kalitumia ukanyamaza."

"Jana sikujua, mwanangu."

"Na leo ukajua nikishika miye! Hukuona siku nyingine? Weye ni mama yangu au nani?"

Nilivaa dofra nikaketi mchangani.

Mtu wa kwanza kuja kushika ncha ya tanga alikuwa Bakari. Alilivuta kwa ile mikono yake ya nazi, likanyooka kama ngoma. Ncha ya pili ikawa haina mtu. Kisha nikaona miguu ninayoijua. Zuhura alishika ncha ile bila kunitazama, na kwa mkono mwingine akawa anapaka nta kwenye nyuzi na kunipitishia. Tulishona watatu, hakuna aliyesema neno isipokuwa "vuta" na "legeza". Nimeshona matanga miaka ishirini na saba, sijawahi kushona kwa kasi ile wala kwa unyoofu ule. Sindano ilipita kwenye nyama ya kidole gumba sikuisikia. Tulimaliza umande ukiwa unapumua pumzi za mwisho.

Debe likalia. Mashua sita zikaondoka, mara hii ndugu sita kweli.

Sasa nisikilizeni! Njia ilikuwa kwenda boya la kisiwani, kukata hadi boya la bandarini, na kurudi gatini. Nusu ya njia ya kwanza umande ukafa. Matanga yote yakalegea, mashua zimekaa juu ya maji kama sahani mezani. Wote walikuwa wanatazama juu, kwenye vibendera vyao. Zuhura peke yake alikuwa anatazama mbele, chini. Nikafuata macho yake. Kwenye boya la kisiwani kulikuwa na kunguru wawili, nao walikuwa wanageuka. Wanageuka kushoto! Akaupinda usukani kushoto, peke yake, kwenda mahali ambapo hapakuwa na upepo wowote, watu gatini wakasema binti kachanganyikiwa. Nikahesabu. Nilipofika ishirini maji mbele yake yakasinyaa, upepo wa baharini ukamfikia, na mashua yake ikaruka. Nilipiga kelele gani sijui. Mwanzishaji hana ruhusa ya kushangilia, imeandikwa, na mimi ndiye niliyeiandika.

Alizunguka boya la kisiwani Bakari akiwa nyuma kwa urefu wa mashua kumi. Bandarini palikuwa na meli moja kubwa imetia nanga, inaziba upepo. Zuhura alipita ndani, njia fupi, akaingia kwenye kivuli cha meli na tanga likazimika. Bakari akazunguka nje, njia ndefu, upepo wote wake. Walipotoka upande wa pili walikuwa bega kwa bega. Wakageuka wote wawili kuja kwetu, na gati zima limesimama, wazee kwa watoto, hata wauza mihogo wameacha majiko.

Na hatua ishirini kutoka mstarini, zile nusu mbili za upepo zikakutana. Shwari.

Mashua mbili, namba nne na namba mbili ya Bakari, zimesimama mbele yangu. Nilikuwa naweza kuona jasho la Zuhura. Kisha nikaiona pumzi ndogo inakuja juu ya maji, nyepesi, mikunjo kama ya chai ukiipuliza. Tanga lenye tumbo lingeidaka. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale na debe mkononi, nilijua kwa vidole vyangu vyote, kwamba tanga la asubuhi lingejaa kwanza na mtoto wangu angevuka. Tanga nililolinyoosha lilisubiri zamu yake. Pumzi ilipitia upande wa Bakari, ikamsukuma, ndipo ikamfikia Zuhura. Bakari alivuka kwa nusu ya urefu wa mashua.

Nikapiga debe. Ndiyo kazi.

Zuhura alileta mashua ufukweni, akalishusha tanga, akalikunja vizuri kama nilivyomfundisha. Akalibeba mpaka gatini akaliweka miguuni pangu.

"Limekaa sawa," akasema, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Bwana Nassor nilimpelekea barua ya kuacha kazi jioni ile. Aliisoma, akanirudishia. "Nani atashona, mimi?" akasema. "Nenda nyumbani, una mgonjwa." Na kweli, nyumbani palikuwa na mgonjwa. Siku nane Zuhura hakunisemesha. Alikuwa akisema na paka ili nisikie. "Paka, mwambie mwenye nyumba chai tayari." "Paka, mwambie fundi mkuu mlango usiku ufungwe." Paka alinenepa kwa kusemeshwa. Mimi niliumia sana, na niseme wazi, zilikuwapo nyakati nilijutia lile debe. Aliyesema kwamba ukweli haumuumizi mwenye kuusema hajawahi kula chakula kimoja na aliyeumizwa nao.

Siku ya tisa nilifika kazini mapema, maji yametoka, nikaona mtu amechutama chini ya gati. Alikuwa Zuhura, sketi ameikunja, ana kamba mpya ya katani na jiwe.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema. Nikaitikia. Akauliza, "Jiwe linafungwa fundo gani?"

"Kwani unataka nini, mwanangu?"

"Nilishindwa na kamba. Nataka niijue."

Nikamwonyesha fundo. Ndivyo alivyoingia kibandani, na hakutoka. Bakari naye ni mwalimu mpaka leo, mzuri, watoto wanamuogopa na kumpenda. Nyinyi mnaosoma haya wengi wenu mmepita mikononi mwake, na matanga mliyoyaendesha ameyashona Zuhura. Mwalimu Hiza alirudi nafasi yake ya sita, na mwaka jana, kwa siku moja ya upepo mtamu, akamaliza wa tatu bila msaada wa mtu. Alinipigia simu saa hiyo hiyo akiwa bado amelowa.

Nimestaafu mwezi uliopita. Waliniandalia pilau, hotuba zikatolewa, nikapewa saa ya ukutani, zawadi ya kumpa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Wiki ya pili nilichoka kukaa. Juzi nikasikia tanga la namba tano linahitaji kamba mpya haraka, kuna mashindano Jumamosi na wageni wanatoka Pangani. Nikaenda gatini mwenyewe, nikaikuta kamba nguzoni, nikaipapasa. Ilikuwa imetulia kabisa. Nikaifungua, nikaikunja, nikaipeleka kibandani nikidhani namrahisishia mtoto kazi.

Zuhura alikuwa kwenye kiti changu, dofra mkononi. Aliitazama kamba, akatazama ubao wa ratiba ya maji, akanitazama mimi.

"Mama mdogo, hii imekunywa maji manne."

"Imetulia, mwanangu. Ishike."

Hakuishika. "Bado maji mawili," akasema. "Irudishe."

Nikairudisha. Nililifunga lile jiwe upya, magoti yangu ndani ya maji ya chumvi, na nilikuwa nacheka peke yangu mpaka kunguru wakaruka.